Betri mbili na alteneta, bado Jumatatu gari haliwaki

BARUA

Shikamoo Fundi,

Nakuandikia kutoka Tanga, huku Sahare, nyumba yetu iko karibu sana na bahari. Nina miaka 39 na watoto watatu. Kazi yangu ni kupika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini na kwa mafundi wa ujenzi. Gari ninalotumia ni Noah ya mwaka 2003, otomatiki, nililouziwa na binamu yangu miaka miwili iliyopita. Bila gari hilo sufuria zangu haziendi popote.

Tangu mwaka jana gari limenitoa machozi. Jumatatu alfajiri ndiyo siku yake ya kugoma. Naingia saa kumi na moja na nusu, nazungusha ufunguo, nasikia tik-tik-tik, kisha kimya. Jirani ananibusti kwa nyaya kutoka betri ya gari lake, linawaka, wiki nzima natembea bila shida, kisha Jumatatu nyingine yale yale. Si kila Jumatatu, lakini siku nyingine za wiki halijawahi kunifanyia hivyo zaidi ya mara mbili.

Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Nikanunua mpya, ikaenda vizuri miezi miwili, ikaanza tena. Fundi wa pili akawasha injini, akachomoa kichwa cha betri huku inaunguruma, gari likazima, akasema hapo hapo kwamba alteneta, kile kifaa cha kuchaji betri injini ikiwaka, imeisha. Nikanunua alteneta ya mtumba. Akapima, mita ikasoma volti 14.1, akasema sasa inachaji. Wiki tatu baadaye nikabustiwa tena. Nikanunua betri ya pili. Ukijumlisha na nauli za bajaji siku nilizokwama, Fundi, zimekwenda zaidi ya laki saba.

Na kuna mengine yanayonitisha. Nikikanyaga breki mchana, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali, kama mshumaa. Dereva mmoja wa bodaboda alinisimamisha jioni akaniambia, "Mama, taa yako ya nyuma kushoto inazima ukishika breki." Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa nyingine nazo zinapepesa nayo. Usiku, mara nne sasa, honi ya alamu imelia yenyewe saa nane, mtaa mzima ukaamka. Na milango hujifunga yenyewe. Mara moja ilijifunga ufunguo ukiwa ndani na chakula cha watu arobaini kikiwa nyuma.

Mama mkwe wangu anasema hiyo honi ya saa nane si ya kawaida, kuna mtu ananionea wivu biashara. Ametaja mtu wa kwenda kumwona, naye anataka laki tatu. Mume wangu anasema tuuze gari kimyakimya kabla halijatufilisi. Mimi sitaki kumpa mtu mwingine balaa nisilolielewa.

Kama litakusaidia: mwaka jana bajaji ilinigonga nyuma kushoto, gari likanyooshwa na kupigwa rangi, ukiliona huwezi kujua. Binamu yangu alikuwa amebadilisha redio, kwa sababu ile ya Kijapani haikushika stesheni zetu, akaweka na sabufa chini ya kiti. Redio ni nzuri, inapiga hata bila ufunguo, watoto wanaipenda. Alamu nilifunga mimi mwenyewe baada ya kuibiwa vioo vya pembeni.

Nifanye nini? Niliuze?

Mama wa Noah, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya betri, na pole zaidi ya kile chakula cha watu arobaini kilichofungiwa ndani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakushukuru kwa jinsi ulivyoiandika. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimelala chali chini ya dashibodi za watu, na wanaonifikia wengi husema "umeme unasumbua", basi. Wewe umetaja siku, saa, upande wa gari, na umekumbuka bajaji na redio ingawa hukujua vinahusika. Nusu ya kazi umeshaifanya.

Kabla ya yote, leo, si kesho: usiendeshe gari hilo gizani mpaka ile taa ya nyuma itengenezwe. Taa inayozima unapokanyaga breki inamwambia aliye nyuma yako kwamba unaendelea kwenda, kumbe unasimama. Saa kumi na moja na nusu alfajiri bado ni giza. Hiyo ndiyo hatari pekee katika barua yako inayoweza kuua mtu, na kwa bahati nzuri ndiyo rahisi kuliko zote kuiondoa. Tuanze nayo.

Chomoa balbu ya nyuma kushoto uitazame. Kama ni ile ya kawaida ya breki na taa ndogo pamoja, utaona ndani nyuzi mbili: mmoja wa mwanga mdogo, mwingine wa mwanga mkali wa breki. Kila uzi unaletewa umeme na waya wake, lakini wa kurudishia umeme ni mmoja tu kwa zote mbili. Huo ndio mafundi tunauita ethi. Unatoka kwenye taa, unafungwa kwa bolti kwenye bati la gari, na bati ndilo linalourudisha umeme kwenye upande hasi wa betri.

Sasa fikiria ethi hiyo imekatika. Unakanyaga breki, umeme unafika kwenye uzi mkali, unataka kurudi nyumbani, njia imefungwa. Unapanda kwenye uzi wa pili, unatoka kinyumenyume kupitia waya wa taa ndogo, unasafiri hadi mbele na kukuta taa za dashibodi, ambazo zimeungwa kwenye waya huo huo na zenyewe zina ethi nzuri. Unapita humo, ukiwa umechoka, ndiyo maana zinawaka kama mshumaa. Jioni, taa ndogo zikiwa zimewashwa, hali ni mbaya zaidi: nyuzi zote mbili zinasukumiwa umeme kwa pamoja, hakuna pa kurudia, balbu inazima kabisa. Ndicho alichokiona yule kijana wa bodaboda. Na indiketa iliyo kwenye kasha hilo hilo hutumia ethi hiyo hiyo, kwa hiyo nayo inaazima njia za wenzake, unaona taa zinapepesa pamoja.

Imekatikia wapi? Gari liligongwa nyuma kushoto, likanyooshwa, likapigwa rangi. Mnyoosha bodi hufungua kila kitu, hupaka puti, hupiga rangi, kisha hurudisha bolti ya ethi pale pale ilipokuwa, juu ya rangi mpya. Rangi haipitishi umeme. Mwanzoni meno ya bolti huikwangua kidogo, umeme ukapenya, ukatoka gereji ukifurahi. Kisha hewa ya chumvi ya Sahare ikafanya kazi yake. Nimeshafungua bolti za namna hiyo nyingi tu. Chini yake unakuta unga wa kijani, na ukiukunja waya karibu na kichwa chake nyuzi za shaba zinakatika kama tambi mbichi, ingawa ngozi yake ya nje inang'aa kama ya jana.

Ujaribu hivi, bila mita. Tafuta waya wa umeme wa mita moja, uchune ncha zote mbili. Ncha moja iguse kwenye chuma cha ethi cha soketi ya balbu, nyingine kwenye chuma kitupu cha gari, kisicho na rangi: bawaba ya mlango wa nyuma iliyokwanguliwa kidogo inatosha. Mtoto akanyage breki. Kama taa inawaka kwa nguvu na dashibodi inatulia, umemkamata. Fuata waya wa ethi hadi kwenye bolti yake, ifungue, piga msasa kichwa cha waya na bati lenyewe mpaka zing'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu ili chumvi isirudi. Waya ukiwa umeoza, ukate hadi ukute shaba nyekundu safi na uunge kipande kipya kwa kulehemu. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakutafika masika yajayo. Na kama soketi yenyewe ya balbu imeyeyuka, ibadilishe.

Sasa tuje kwenye Jumatatu.

Mafundi wako walikosea mahali pamoja: waliona mambo mengi ya ajabu, wakadhani yana sababu moja. Yagawe. Breki, indiketa na dashibodi hutokea gari likiwa macho. Betri, honi na milango hutokea likiwa limelala. Haya ni magonjwa mawili yaliyokutana ndani ya gari moja, na ukitibu moja kwa dawa ya jingine utalipa tu.

Gari la rika la lako likizimwa halizimi kila kitu. Saa inaendelea, kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inahifadhi kumbukumbu zake, alamu inasikiliza rimoti. Yote hayo kwa pamoja yanapaswa kunywa kiasi kidogo sana, si zaidi ya ampea 0.05 hivi. Kwa kiwango hicho betri nzima iliyoandikwa 60Ah, yaani ampea-saa 60 (ampea moja kwa saa 60), ingechukua siku 50 kuisha. Gari lako linanywa zaidi ya hapo.

Tuchukulie, kwa mfano, linanywa ampea 0.7. Siku za wiki unaegesha saa kumi jioni na kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni saa 13 na nusu, zimekwenda karibu ampea-saa 9 na nusu. Betri inavumilia, linawaka. Lakini Jumamosi ukitoka sokoni unaegesha, tuseme, saa nane mchana, na Jumapili hutoki. Mpaka Jumatatu alfajiri ni karibu saa 40. Zidisha: ampea-saa 28, karibu nusu ya betri imenywewa. Na safari zako ni fupi, ofisi hadi ofisi, feni na taa zikiwa zimewashwa, kwa hiyo wiki nzima betri haikuwahi kujaa. Jumatatu haina siri yoyote zaidi ya hiyo hesabu.

Betri mpya ilidumu miezi miwili kwa sababu hizi betri za magari zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za stata, kisha zijazwe mara moja. Kila zinaponyonywa hadi nusu na kuachwa hivyo, sahani za ndani hupata ukoko wa salfeti na uwezo wake hupungua. Fundi aliyekwambia betri imekufa hakukudanganya. Ilikuwa imekufa kweli. Hakujiuliza nini kimeiua.

Kwa yule wa pili nitasema kwa ukali kidogo, maana nimechoka kuziona kontroli boksi zilizoungua. Kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma si kipimo cha alteneta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, umeme unaweza kuruka mara kadhaa ya kiwango chake na kuunguza vitu vya thamani kuliko alteneta. Na gari la kisasa linaweza kuzima hata kama alteneta ni nzima kabisa. Asiruhusu jambo hilo mtu yeyote mwenye gari, mwambie hivyo na jirani yako. Kipimo ni mita kwenye ncha mbili za betri, injini ikiwaka: kati ya volti 13.8 na 14.5 inachaji. Kilichukua dakika moja, na kingefanyika kabla hujanunua ile ya mtumba.

Anayenyonya ni nani? Mimi nilipofika kwenye sentensi yako kwamba redio inapiga hata bila ufunguo na watoto wanaipenda, niliiweka barua chini.

Magari yanayotoka Japani huja na redio za FM za huko, ambazo kwa miaka mingi zilianzia 76 na kuishia 90. Stesheni zetu zinaenda hadi 108. Ndiyo sababu karibu kila gari la Kijapani hapa kwetu limeshachokonolewa nyuma ya redio. Redio mpya huwa na waya wa njano, unaopata umeme saa zote ili itunze stesheni, na mwekundu, unaopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, ili ijue wakati wa kuamka. Aliyeifunga ya binamu yako ameisokota ya njano na nyekundu pamoja. Hufanywa sana, kwa haraka tu, au kwa sababu mwenye gari ametaka muziki bila ufunguo. Matokeo yake redio haijui usiku ni nini. Hata ukibonyeza kitufe cha kuzima, wakati mwingine inabaki nusu macho, na ikibaki macho inaweza kuendelea kupeleka umeme kwenye waya wa buluu unaoamsha amplifaya ya sabufa. Hiyo sabufa iliyo chini ya kiti, iguse Jumapili mchana gari likiwa kivulini. Ikiwa ya vuguvugu, umepata jibu kwa mkono wako.

Ukitaka uhakika bila kununua kitu, Jumamosi ukishaegesha chomoa fyuzi ya redio na ya amplifaya. Ya redio mara nyingi iko mgongoni mwake, nyekundu ya ampea 10 au buluu ya 15. Ya amplifaya iko kwenye waya mnene karibu na betri. Betri iwe imechajiwa ikajaa kwanza, usiku kucha kwa chaja, vinginevyo jaribio litakudanganya. Jumatatu gari likiwaka kama halijawahi kuugua, na Jumatatu ya pili pia, mwite fundi atenganishe nyaya hizo mbili, nyekundu ikaungwe mahali panapotii ufunguo. Watoto watalalamika kidogo.

Kama halijapona, ndipo tunahitaji mita. Mita ya kawaida ya bei nafuu inatosha, mradi iwe na tundu la ampea 10. Fanya na fundi umeme ukiwa umesimama hapo, ili uone namba kwa macho yako. Boneti iwe wazi, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni. Kwa spana namba 10 anafungua kichwa hasi cha betri, anaweka mita katikati ya kichwa hicho na nguzo ya betri. Namba itaanza juu, msitishike, vifaa vinahitaji nusu saa, hata saa nzima, kulala. Wakati huo mtu asifungue mlango wala kugusa ufunguo. Akijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, mita inaweza kuungua. Baada ya saa moja someni. Chini ya 0.05 ni salama. Zaidi, anachomoa fyuzi moja moja akitazama mita, na ile inayoishusha namba ndiyo yenye mnyonyaji. Fyuzi zote zikiisha na bado inanywa, ni kitu kilichoungwa moja kwa moja kwenye betri: alamu yako, au alteneta yenyewe. Alteneta ya mtumba huweza kuja na diodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazovuja. Ishike asubuhi kabla ya kuwasha; ikiwa na joto wakati injini ni baridi, imekuwa ikinyonya usiku kucha.

Sasa honi ya saa nane. Mama mkwe wako anakupenda na ameogopa kwa ajili yako, usibishane naye. Mwonyeshe tu. Baadhi ya alamu zina kazi ya kulinda betri pia: umeme ukishuka kuliko zilivyozoea, huhesabu kwamba mwizi ameikata, zikapiga kelele. Gari linaloanza kunyonywa saa kumi jioni linaweza kufika kwenye kiwango hicho usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Sababu ya pili, hasa kwenu baharini, ni swichi ndogo ya boneti au ya mlango: umande wa usiku ukiingia kwenye swichi yenye kutu, alamu inaona mlango umefunguliwa. Ichomoe, ifute, iweke tone la grisi. Na milango kujifunga: alamu nyingi, ukibonyeza rimoti kufungua na usifungue mlango wowote ndani ya nusu dakika hivi, hujifunga tena zikidhani ulibonyeza kwa bahati mbaya. Swichi ya mlango ikiwa imekufa, alamu haioni kwamba umefungua, inafunga ufunguo ukiwa ndani. Hizo laki tatu kaa nazo. Mwite mama mkwe asimame karibu siku ya kupima, aione ile namba ikishuka fyuzi inapochomolewa. Nimeona wazee wakicheka kwa nafuu wanapoiona.

Nina jambo moja kuhusu mafundi, na nasema nikiwa mmoja wao. Hapa kwetu fundi halipwi kwa kupima. Analipwa kwa kubadilisha. Akikaa saa mbili na mita akakwambia ni bolti moja yenye rangi, mteja anamwambia, "Kwa bolti tu unataka elfu thelathini?" Basi naye amejifunza kukuuzia betri. Nenda kwa fundi umeme, si makanika wa injini, na mwambie mapema: nitakulipa muda wako wa kutafuta, hata usipobadilisha kitu. Kisha muulize atapima nini kwanza. Anayekujibu kwa maneno ya kueleweka, mwachie ufunguo. Anayesema "tubadilishe hiki tuone", mshukuru uondoke. Na yeyote atakayetaka kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au kipande cha waya mahali pa fyuzi, mkatalie hata kama umekwama barabarani. Fyuzi inaungua ili nyaya zisiungue.

Kuhusu kuuza: mwambie mume wako asubiri Jumatatu nne. Hofu yake naielewa, laki saba si pesa ndogo. Lakini akiuza leo atauza kwa bei ya gari bovu, au atamficha mnunuzi taa inayozima kwenye breki, na hilo wewe mwenyewe umeshalikataa. Hilo gari, kwa ninavyoliona kutoka huku, lina bolti moja iliyopakwa rangi na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Injini hujalalamikia, gia hujalalamikia.

Chukua daftari lako la oda za chakula, ukurasa wa mwisho. Andika volti za betri ikiwa imepumzika usiku kucha baada ya kuchajiwa: 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imeisha. Kisha andika volti za kila Jumatatu kabla ya kugusa ufunguo, na ulichokuwa umechomoa wikendi hiyo. Betri yako ya sasa inaweza kuwa imeshaumia, isipofika 12.5 hata baada ya chaja ya usiku kucha, usinunue nyingine mpaka mnyonyaji apatikane, la sivyo utampelekea chakula kingine.

Niandikie namba hizo, nitazisoma. Ila taa ya nyuma usiisubirishe. Kipande cha waya, msasa na grisi, fanya leo jioni kabla jua halijazama.